Mafuta ya Uso Kutoka Kiberege

Mafuta ya uso hupenda kujisifu kwa harufu, kwa hiyo mimi huanza kwa kuingoja harufu iondoke. Unaweka tone kiganjani, unalisugua mpaka lipate joto, kisha unatulia. Karafuu huaga mapema. Kinachobaki mkononi ndicho mafuta yenyewe.

Hayo nilijifunza kwa mke wa mwenye duka mmoja pale Ifakara, mwanamke wa pwani aliyepokea mafuta ya ufuta kutoka kwa wakulima. Hakununua chupa kabla hajachovya utambi ndani yake na kuuwasha. Ukitatarika, alisema, kuna maji, na mafuta yenye maji huchacha. Nilikuwa nikimsaidia kushona nguo za watoto wake, na nadhani nilimchosha kwa maswali.

Ujuzi huo ulikuja kutumika katika miaka ya hamsini, tulipomwoza mdogo wangu. Katika ukoo wetu, na vilevile kwa wale wa Kiberege waliomchumbia, bibi harusi hapakwi mafuta ya kwao siku ya kuchukuliwa. Mama wa mume ndiye humpaka uso kwa mkono wake mwenyewe, mafuta aliyoyapika nyumbani kwake, mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Kuyakataa ni kuikataa nyumba.

Mdogo wangu alikuwa na ngozi ya kubembeleza. Aliwahi kujipaka pomedi ya dukani yenye harufu ya waridi akavimba macho, na watu walimtania mpaka mvua zilipoanza. Kwa hiyo mamkwe wake alipotanguliza kibuyu kidogo cha mafuta ili ngozi ianze kuyazoea, mdogo wangu alinikabidhi mimi kabla hajakifungua.

"Dada, yachunguze," aliniambia. "Sitaki kutoka mbele za watu na uso kama papai lililodonolewa na ndege."

Shangazi yetu, aliyekuwa akimtunza ndani, akaguna. "Mafuta ya mkwe yanachunguzwa? Mchunguze na mume, basi."

"Huyo nimeshamchunguza, shangazi. Yamebaki mafuta."

Nilianza na harufu. Karafuu ilipoondoka ilibaki harufu nzito ya mbegu za nyonyo zilizokaangwa vizuri bila kuungua, na kwa mbali, nta ya nyuki. Mafuta ya nyonyo yaliyoungua huwa meusi na hukwaruza pua. Haya yalikuwa na rangi ya asali changa. Utambi uliwaka kimya. Tone nililoliweka kwenye karatasi ya kufungia sukari lilitanda sawasawa bila kuacha alama ya maji. Nilikuwa tayari kuyasifu. Hata hivyo nilipaka kidogo kwenye kiwiko changu upande wa ndani, na kidogo kwenye kiwiko cha mdogo wangu, tukangoja hadi kesho yake.

Kesho yake kiwiko changu kiliwasha. Sikukijali. Ulikuwa msimu wa kupura mpunga, na katika bonde letu msimu huo kila mtu hujikuna: shingo, mikono, hata kope. Lakini mdogo wangu naye alikuwa akijikuna, na yeye hakuwa amegusa mpunga. Tangu mavuno yaanze shangazi alimfungia ndani, hata ungo hakushika.

Hapo ndipo nilipoketi nikafikiri. Nilichukua kipande cha kioo, nikadondoshea tone na kulielekeza juani. Ndani yake mlikuwa na vijinywele vyembamba kuliko uzi wa buibui. Nilichuja mafuta kidogo kwa kitambaa cha bafta kilichokunjwa mara mbili, nikampaka mdogo wangu mkono wa pili. Haukuwasha. Basi mafuta hayakuwa na kosa, na mpishi wake pia hakuwa na kosa.

"Basi yachuje yote unyamaze," alisema shangazi.

Ningefanya hivyo, lakini mamkwe angekuja na kibuyu kingine siku yenyewe, na hicho kisingepita mikononi mwangu.

Alikuja asubuhi na wanawake wa kwao, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Tukasalimiana, mikeka ikatandikwa, mdogo wangu akaketishwa mbele yake akiwa amefunikwa kanga. Mamkwe akafungua kibuyu. Nikaona vidole vya mdogo wangu vimeshika ukingo wa mkeka kama mtu anayengoja kutolewa mwiba.

"Shikamoo tena, mama," nikasema. "Kibuyu hiki hukisafisha kwa kitu gani?"

Shangazi alinikanyaga mguu.

"Marahaba, mwanangu. Kama kila mtu. Makapi ya mpunga na maji ya moto, unatikisa mpaka bega likatae."

Ndivyo tulivyosafisha vibuyu sote. Kwa maji au togwa haidhuru, maana ukisuuza yanatoka. Mafuta ndiyo yasiyosamehe: hushika kila unywele wa kapi uliobaki ukutani mwa kibuyu na kuutunza. Sikusema mengi. Nilimwomba tone moja, nikaliweka kwenye kioo na kumsogezea penye jua la mlangoni, bafta yangu ikiwa tayari begani.

Alitazama kwa muda mrefu. Shangazi akaanza kutazama dari.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Mume wangu hulalamika kila mavuno kwamba mikono yangu inawasha nikimpaka mafuta, na mimi nikidhani ananitafutia sababu."

Wanawake wakaanza kucheka, yeye wa kwanza. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hicho kitambaa."

Nilitaka kumchujia, akakataa. Mafuta yake, mkono wake. Akakunja bafta mara nne, akachuja polepole mpaka kiganja kikajaa, akapima tone juani mara mbili bila kuambiwa, ndipo akafunua kanga na kumpaka mdogo wangu paji la uso, mashavu, kidevu. Vidole vikaachia mkeka. Alitoka nje uso ukimeremeta kama jani la mgomba baada ya mvua, na hakujikuna hata njiani.

Mavuno yaliyofuata nilikwenda Kiberege kumtembelea. Baba mkwe wake alikuwa uwanjani akipura mpunga, jasho likimtiririka, mashavu yake laini kama ya mtoto. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi.

"Wewe ndiye wa kile kioo?" akauliza.

"Ndimi, baba."

"Umenitia hasara, mwanangu. Miaka yote nilikaa kivulini nikisema mpunga hunikataa ngozi. Sasa mama mwenye nyumba anachuja mafuta yake, mimi siwashwi kuliko wengine, na sina la kujitetea."

Kutoka jikoni mkewe akamwambia apunguze maneno, mpunga bado ni mwingi.