Barua Tatu za Dorca Apiyo

Dolphine Nabututu alitoka Bungoma akiwa na miaka kumi na tisa, akaja Maseno kusomea kompyuta, na hakurudi tena kwao kukaa. Sasa ana arobaini na tatu. Hutunza tovuti ya kliniki moja ya macho pale Mamboleo, katika chumba kisicho na dirisha, na watu humkumbuka tu kitu kinapoharibika.

Alhamisi hiyo alikumbukwa asubuhi. Mapokezini alisimama mama mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, kashikwa mkono na bintiye, Winny. Madaktari wa upasuaji, waliokuja kwa wiki moja tu, walikuwa wanaondoka kesho yake.

"Mama, aliyetuma fomu ya mtandaoni kwanza ndiye anayetangulia," alisema Zadock, karani. "Wewe humo."

"Tumetuma mara tatu!" Winny alimwonyesha simu. "Ona, imeandika: Asante, tumepokea."

"Basi hiyo asante ndiyo mliyopata."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Mama hakucheka.

Dolphine aliomba kuona walivyojaza. Kwenye nafasi ya jina paliandikwa: Dorca Apiyo, nyar Odongo, Pap Onditi, yaani binti Odongo, wa kijiji cha Pap Onditi.

"Mama, si ungeandika Dorca Apiyo tu?"

"Nyathina, mwanangu, kanisani kwetu pekee akina Dorca Apiyo tuko wanne. Mkiita hivyo tutasimama wote, na atakayefika kwanza ni yule asiyeumwa. Si ndiye anayeona njia?"

Dolphine alirudi chumbani mwake. Fomu ilituma kila ombi kliniki kwa barua pepe, na jina la mgonjwa ililiweka mbele ya barua kama jina la mtumaji. Mtambo wa barua pepe ukikuta koma mahali hapo hudhani watumaji ni zaidi ya mmoja, tena wa kwanza hana anwani, na barua nzima hukataliwa. Mgonjwa hushukuriwa vivyo hivyo. Fomu hiyo aliiandika Dolphine mwenyewe miaka minne iliyopita, akaijaribu kwa jina lake, maneno mawili matupu, akaridhika.

Alifungua kumbukumbu za seva. Barua zilizokataliwa mwezi huo zilikuwa za watu kumi na mmoja, wote wakiwa wamejieleza vizuri: mke wa fulani, wa kijiji fulani. Barua ya kwanza ya Dorca ilikuwa na wiki tatu.

Akazichapisha, akampelekea Zadock.

"Kosa ni langu. Hawa walitangulia nusu ya orodha yako."

"Weka onyo pale, basi. Majina mawili, bila madoido."

"Hapana. Nitakachobadilisha ni fomu, si watu."

Haikuchukua hata saa moja. Jina zima alilifunga ndani ya alama za mtajo, koma na yote, mtambo ulisome kama mtu mmoja. Akajaribu kwa jina la Dorca. Barua ikafika.

Zadock alikwenda kwa daktari na karatasi mkononi, akarudi akijikuna kisogo. "Amekubali. Huyu mama anaingia leo, wale kumi kesho, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Wewe ndiye utawapigia simu."

Dorca alipopitishwa mbele ya mlango wa chumba cha Dolphine alimuuliza Winny, "Yule msichana wa kompyuta yuko wapi? Mwambie asilie, sauti yake naisikia."

Dolphine alijipangusa macho, akapiga namba ya kwanza. Aliyepokea alikuwa mwanamume, jina lake Okinyi.

"Kesho saa kumi na mbili?" alisema. "Mimi nitakuwa hapo saa kumi na moja."