Maabara Iliyo Mdomoni mwa Mama Vicky

Wananchi wote, wenye vyeti na mlioviacha njiani, mnatangaziwa kwamba maabara ya maji ya kuaminika kuliko zote Kariakoo haina darubini wala koti jeupe. Imo mdomoni mwa Theopista, mama Vicky, muuza vitenge wa jumla.

Theopista alizaliwa tambarare ya chini ya Kilimanjaro, kijiji chenye kisima kimoja. Maji yake maangavu, matamu, ila huko chini yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi iliyoyeyuka. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajiumba, meno yatatoka na rangi ya chai kavu, na hakuna mswaki utakaoyarudisha. Kwao hakuna aliyenusurika, hata mwenyekiti wa kijiji.

Asubuhi moja Theopista hakuwa akicheka. Kijana aliyejiita Godbless, mtoto wa marehemu binamu yake Ansbert, alisimama dukani na barakoa usoni. "Mafua, shangazi." Alitaka mzigo wote mpya kwa mali kauli: chukua sasa, ulete hela ukishauza. Mzigo huo ukienda usirudi, duka ndiyo basi.

Majina ya ukoo aliyajua. Salamu za Kichagga alizipatia.

"Na shule ulisoma kwetu?"

"Palepale, shangazi. Nimezaliwa pale, nimekulia pale."

Makuli wakainua robota la kwanza la vitenge. Azzam, muuza ndoo wa jirani, akanong'ona, "Mama Vicky, damu yako hiyo, unaihoji kama uhamiaji?"

"Nyamaza, Azzam."

Theopista akanunua muwa kwa mchuuzi aliyekuwa akipita. "Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, shangazi."

"Kwetu cha shangazi hakikataliwi."

Robota la pili likatua mkokotenini. La tatu likafuata. Kijana akatazama mzigo, akatazama muwa. Kumuudhi shangazi saa hizi ni ujinga. Akashusha barakoa, akang'ata kwa haraka.

Meupe. Meupe kama vigae vya choo cha hoteli.

"Shusheni," Theopista akawaambia makuli, sauti chini.

"Vipi tena, shangazi?"

"Wewe maji ya kwetu hujayanywa." Akamfungulia mdomo wake mwenyewe, safu mbili za meno ya kahawia tupu.

Kijana akazitazama, akaelewa. Akaondoka bila kuaga, muwa mkononi.

Azzam akapanda juu ya ndoo kama mgombea. "Mama Vicky, hayo siyo meno, ni hazina ya taifa. Tuyapeleke makumbusho!"

"Yanauma nikinywa soda ya baridi," akasema Theopista.