Hodi Niliyokatazwa Kupiga

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifunge mdomo, na mimi si mtu wa kufunga mdomo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka kwetu Rabai asubuhi mapema, nimevaa gauni la kanisani na viatu vilivyonibana, nikafika kituo cha mafingo cha Kuze, chumba kimoja chenye feni mbovu juu ya duka la bizari. Mkuu wa Kituo alikuwa mzee wa Mji wa Kale, kanzu yake nyeupe pe. Tuliamkiana mpaka nikadhani salamu zenyewe ndiyo kazi. Kisha akafungua mtoto wa meza, akanipa kijigongo cha mpingo kilichopachikwa kauri kichwani.

"Hiki ni kibisho," akasema. "Tangu leo, mlango wowote wenye fingo wabisha kwa hiki. Kupiga hodi kwa kinywa chako, hapana. Hata iwe nyumba ya nduguyo, maadamu u mtu wa idara."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ukipiga hodi utajibiwa. Ukijibiwa karibu, ushakuwa mgeni. Na mgeni hapimi nyumba ya mwenyeji wake, Bi Sidi."

Nyinyi wanangu mmezaliwa mkakuta mafingo ya kiwandani, yanayojibu yote kwa sauti moja kama tangazo la redio, kwa hiyo lazima nieleze. Fingo la wakati wetu lilikuwa chungu kidogo cha udongo, hakizidi ngumi ya mtu mzima, kilichozikwa chini ya kizingiti. Ndani kilitiwa chumvi, mchanga wa mahali penyewe, na pumzi ya mwenye nyumba. Pumzi ndiyo iliyofanya kazi. Mwenye nyumba aliinama, akanong'ona majina ya watu wake, akapuliza, na mdomo wa chungu ukazibwa kwa nta papo hapo. Tangu hapo mlango ulikuwa na mwenyewe. Ukipiga hodi, fingo lilijibu kwa sauti ya yule aliyepuliza. Kama ulikuwa miongoni mwa waliotajwa, lilikuita kwa jina lako. Kama hukutajwa, lilikwambia karibu tu. Mwenye nia mbaya hakujibiwa. Na anayeingia kimya, hata awe mwenye nyumba, fingo lilimhesabu mwizi, miguu yake ikaganda pale pale kizingitini.

Pepo wa baharini, wale wanaoingia mjini na mvua za masika kutafuta pa kulala, hawana kinywa cha kupigia hodi. Hivyo walibaki nje. Lakini fingo likinyamaza, mlango wako ni tundu kwenye ukuta, na nyumba za Kuze zimeshikana kuta. Kwako kukiwa wazi, na kwa jirani kumekuwa wazi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi walipokosea. Nguvu haitoki hewani. Kila karibu inayotoka, pumzi ya chungu inapungua. Inapokaribia kwisha fingo lazima lihuishwe, yaani nta ivunjwe na mrithi apulize pumzi yake. Chungu kimoja hakichukui pumzi mbili. Mpya ikiingia, ya zamani imekwenda. Kibisho hakikula pumzi. Uligonga mwimo wa mlango kwa ile kauri, ukaweka kiganja, ukasikiliza mtetemo wa mti. Mtetemo mzito, chungu kimejaa. Mtetemo mwepesi kama bawa la nzi, andika ilani ya kuhuisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu.

Nilipoiva nikahamishiwa Feri. Msimamizi wa pale alikuwa mama wa bara aliyetoka shirika la reli, mtu wa saa na filimbi. Umati unaokimbilia pantoni haupigi hodi, kwa hiyo mmoja wetu aliipiga kwa niaba ya wote, na fingo la gati lilikunywa pumzi kama ng'ombe wa kiangazi. Tulilihuisha sisi wenyewe kwa zamu. Nilirudi nyumbani kichwa chepesi, naona nyota mchana. "Mama Sidi, hapa tunapima chungu, hatupimi mioyo," aliniambia nilipolalamika, na baadaye nikamkuta anapuliza zamu yangu bila kuniambia. Kisha nikapelekwa ufukweni Mama Ngina kulinda fingo kuu linaloelekea bahari kuu. Hakuna ajuaye nani alilipuliza. Halijamwambia mtu karibu tangu lizikwe, nasi tulikaa nalo kimya huku wauza mihogo wakipiga kelele nyuma yetu. Nililiheshimu, lakini sikulipenda. Niliporudishwa Kuze nilifurahi kama bibi harusi.

Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa katika zamu yangu mpya. Bi Zuhura alikuwa mjane. Mumewe, fundi wa milango, alipuliza fingo la nyumba ile walipooana, na alipokufa sauti yake ilibaki kizingitini. Siku ya kwanza nilipogonga mwimo wake, alitoa kichwa dirishani.

"We mwana, mbona wabisha na kijiti? Huna kinywa?"

"Ninacho, Bi Zuhura. Ni sheria ya kazi."

"Sheria ya kumnyima mtu hodi! Haya, keti barazani. Kahawa nitakupa hapo nde kama mwombaji."

Nilikunywa ile kahawa, na nilipokuwa nakunywa nikamwona anatoka na kikapu kitupu, anafika pembeni mwa kichochoro, anageuka, anarudi na kikapu kile kile kitupu. Akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Na kutoka chini ya kizingiti ikaja sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye kicheko ndani yake: "Karibu, Zuhura."

Akaingia. Kabla sijamaliza kikombe alitoka tena.

Niliweka kiganja juu ya mwimo. Mtetemo ulikuwa mwepesi mno. Nikaelewa, na moyo ukaniuma, maana aliyekuwa akimmaliza mumewe ni yeye mwenyewe, kwa mapenzi. Alijua mafingo huisha, kila mtu alijua, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yanaisha kwa kuitikia. Wenyeji walidhani yanazeeka tu kama mapaa ya makuti. Nilimwambia. Ilinibidi. Alinisikiliza ameshika shela yake kwa mikono miwili, kisha akaniuliza imebaki kiasi gani. Nikasema kidogo sana.

Tangu siku ile Bi Zuhura hakutoka tena. Asingeweza kutoka bila kurudi, wala kurudi bila hodi. Sokoni alituma watu, vitu vikapita dirishani. Wageni aliwazuia kabla hawajafungua kinywa: "Msipige hodi! Semeni nami papa hapa!" Kuze si mahali pa kumkatalia mtu hodi. Wanawake walianza kupita mbali, wakisema Bi Zuhura amepata kiburi uzeeni. Dadake alipofariki, matanga yalikuwa mtaa wa pili tu, naye alilia dirishani peke yake. Hilo watu hawakumsamehe. Mimi nilijua sababu, na nilikasirika nisijue nimkasirikie nani.

Binti yake wa pekee, Maryam, aliyeolewa Malindi, alikuja mjamzito ili ajifungulie kwao kama ilivyo desturi ya mzaliwa wa kwanza. Alifikia kwa shangazi yake, asipoteze karibu ya babake. Alileta radio kaseti, akaiweka kizingitini, na Bi Zuhura akakubali itumike karibu moja tu. Maryam akapiga hodi, babake akamwita kwa jina, maana mtoto apitishwaye pale kwa hodi uchangani huhesabiwa pamoja na waliotajwa. Walipoicheza kanda wakasikia muuza maji akipita, na kuku, na Maryam mwenyewe. Sauti ya fingo haikuwamo. Mashine hushika mlio, na fingo si mlio. Nilitamani ningekuwa nimewaambia mapema, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Majirani walikuja kituoni kulalamika kwamba mafingo yao yanalegea kwa sababu ya mlango mmoja, na walikuwa na haki. Mkuu wa Kituo aliniita.

"Sheria yakuruhusu kuvunja nta kwa nguvu," akasema.

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Mimi sikuruhusu. Nimesikia sauti ya yule fundi tangu ujana wangu. Mngoje. Lakini tone la kwanza la mvua likianguka, Bi Sidi, utavunja, na mimi nitakuwa nyuma yako nikikushikia nta. Sitakuacha uyabebe peke yako."

Alisema hivyo akitazama feni. Sijapata mkubwa mwingine kama yule.

Maryam alijifungua hospitalini, mtoto wa kike. Asubuhi waliporuhusiwa kuondoka mbingu ilikuwa nyeusi upande wa bahari. Mtoto mchanga, wanangu, lazima apitishwe mlangoni kwa hodi, anayembeba akiipiga kwa niaba yake, ndipo fingo limhesabu wa nyumba. Nilikuwa nimesimama barazani na kibisho changu, Mkuu wa Kituo nyuma yangu na kipande cha nta, Maryam mbele ya mlango na mtoto kifuani. Nikagonga. Nilibana pumzi yangu mwenyewe nipate kusikia.

"Imebaki moja, Bi Zuhura," nikasema. "Moja tu."

Alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulio wazi, hatua chache kutoka kizingitini. Nikamwambia lililokuwa moyoni mwangu. "Toka nje upige wewe. Akuite mara ya mwisho. Kisha tuhuishe, na mtoto aingie kwa pumzi yako. Hakuna sheria inayokataza."

Niliona midomo yake ikijaribu lile neno. Ngurumo ilipita juu ya mapaa.

"Mimi yuwaniita tangu nili mwari," akasema mwishowe. "Hunyu mtoto hajamsikia babuye hata mara moja. Maryam, piga hodi."

"Mama..."

"Piga, mwanangu. Karibu ni ya mwenye kuja."

Maryam akapiga hodi kwa sauti iliyokatika. Kutoka chini ya kizingiti ikaja pumzi tu, kama mtu anayesema usingizini: "Karibu." Hakukuwa na jina. Mtoto hakuwa na jina bado. Maryam akavuka. Nikaweka kiganja juu ya mwimo, na mti ulikuwa mti. Bi Zuhura alipiga ukelele mmoja ambao hata leo ninausikia, kisha akafungua mikono akampokea mjukuu wake. Mimi nililia waziwazi, na Mkuu wa Kituo alijifuta kwa kofia yake.

Tukafukua chungu, tukavunja nta. Majina husemwa kwa siri ya nyumba, na mtu wa idara hana ruhusa kuyasikia, kwa hiyo nilikwenda pembeni nikageuza mgongo, nimeziba masikio. Bi Zuhura alichukua muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anautaja ukoo wote mpaka Arabuni. Nilipoitwa kutia nta, matone ya kwanza yalikuwa yakipiga mabati.

Akarudi kuwa mtu wa watu. Alikwenda kwa kila nyumba iliyomnunia, akapiga hodi, akaeleza. Nami niliendelea kunywa kahawa yake barazani mwaka baada ya mwaka, tukizungumza kupitia dirisha.

"Utapiga hodi lini, Sidi?" alikuwa akiniuliza.

"Nikistaafu, Bi Zuhura."

"Na nikiwa sipo?"

"Utakuwapo. Watu wakaidi hawafi upesi." Alicheka, na mimi nilicheka zaidi yake.

Alikufa kabla sijastaafu. Nilikwenda mazikoni, nikakaa barazani na kibisho changu mfukoni, kwa kuwa bado nilikuwa mtu wa idara.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba, wakachukua kibisho. Saa nilimpa mjomba. Watu huniuliza kama nasikitika kwamba kazi ile imekwisha, sasa kwa kuwa mafingo yanatoka kiwandani yakiwa yamezibwa. Nasikitika. Fingo la kiwandani haliishiwi pumzi kwa sababu halina mtu ndani, na kwangu mimi mlango usioweza kuisha hauna cha kumpa mgeni. Lakini sijui kuyasema haya bila kuonekana mzee mwenye wivu, na labda ndivyo nilivyo.

Wiki ile ile niliyostaafu, mjukuu wa Bi Zuhura, yule mtoto, sasa mwanamke mzima mwenye nyumba, alinialika chakula cha Iddi. Nilifika kwenye mlango ule ule nimebeba sahani ya kaimati. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe kutafuta kibisho. Hakikuwapo. Nikakumbuka kwamba kila karibu ni pumzi, na pumzi hii bado ilikuwa ya bibi yake, nikataka kugeuka nimwite binti kwa simu atoke nje. Kisha nikakumbuka alivyosema bibi huyo siku ile ya mawingu, kwamba karibu ni ya mwenye kuja.

"Hodi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu.

"Karibu, Sidi," akasema Bi Zuhura kutoka chini ya kizingiti.

Kumbe alinitaja siku ile nilipoziba masikio. Nilisimama pale kidogo mpaka macho yaliponikauka, kisha nikavua viatu nikaingia.