Fundo Kwenye Uzi wa Kijani

Mtaani tulimwita Mzee Stempu, na hakuna aliyejiuliza zaidi. Karani wa posta miaka thelathini, akastaafu, mkewe akafariki, magoti yakaanza kumgomea. Mimi nina cherehani yangu barazani, ukuta kwa ukuta na nyumba yake, na wateja wakisimama kupimwa hunimwagia mambo yao yote. Ya Mzee sikuwahi kuyajua hata moja. Na mimi ninavyojisifu kwa masikio!

Kumbe posta hakuuza stempu hata siku moja. Alikuwa shushushu. Alikaa chumba cha nyuma, yeye na birika lake, akiletewa barua za watu waliotiliwa shaka. Alizifukiza kwa mvuke, akaachanisha gundi kwa ubapa wa kisu, akasoma, akanakili, akafunga upya. Sifa yake ilikuwa moja: bahasha ikitoka mikononi mwake, hata mwenye kuilamba asingejua kama imeguswa. Ni wangapi walichukuliwa majumbani mwao kwa sababu ya mikono ile, hakuniambia, nami sikuwa na moyo wa kumuuliza.

Jumatatu asubuhi mkubwa wake wa zamani alibisha hodi. Nilimwona nikiwa napinda suruali ya mtu, shati lake limenyooshwa hadi linaudhi. Nikadhani ni mtu wa bima.

"Nimechoka, Mkuu," Mzee alimwambia kabla hajaketi. "Mimi nilishaaga."

"Ni bahasha moja tu. Wajanja siku hizi wameacha simu, wamerudi kwenye barua. Vijana wangu wakiishika wanaichana."

"Wafundishe."

"Nani awafundishe? Umebaki wewe." Mkuu akainua macho kwenye picha iliyotundikwa ukutani. "Binti yako bado ni muuguzi pale hospitali? Nisingependa mtu amsumbue."

Mzee akainuka kwenda kuchemsha maji. Aliniambia hakuogopa sana. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyedhani amefika akaambiwa safari bado. Alikuwa na mtoto mmoja, na kwa ajili yake angefukiza hata magunia ya barua.

Bahasha ilikuwa ya sanduku la posta lililokodiwa kwa jina asilolijua. Alipoinua mdomo wa bahasha akakuta uzi wa kijani, mfupi kama kidole, umelazwa mshazari kwenye kona ya kushoto.

Uzi ule aliujua. Binti yake alipokuwa mdogo, alifungia siri zake kwenye bahasha na kuweka uzi vilevile, aliouokota miguuni pa cherehani yangu, ili ajue kama baba amechungulia. Na baba alichungulia kila mara, kisha akaurudisha uzi ukiwa na fundo. Fundo maana yake ilikuwa "nimekuona." Mtoto alikuwa akiliona anacheka mpaka anakaa chini. Ulikuwa mchezo wao wawili.

Sasa akaisoma barua. Aliyeiandika alisema orodha ya majeruhi wanaoletwa hospitali kutoka mahabusu imekamilika. Wakutane Alhamisi saa tisa nyuma ya maktaba, wamkabidhi mwandishi wa habari. Chini kabisa, ukurasa wa pili, aliandika: "Uzi nimeuweka kama ulivyonifundisha. Msalimie mzee wako wa stempu, mpe pole ya magoti." Basi sanduku lile lilikuwa la binti yake.

Mkuu alikuwa anangoja sebuleni. Mzee akimnyima barua, atajiuliza kwa nini. Akatoka nayo. Mkuu akaipiga picha kurasa zote mbili kwa simu yake, akaipitishia macho juu juu, akatosheka na siku na mahali.

"Ifunge, irudi sandukuni leo. Sitaki mtu ashtuke. Alhamisi tutawazoa wote."

Mzee akarudi jikoni, akapaka gundi, akashika uzi. Fundo lilimponyoka mara tatu, la nne likakaza. Katika miaka yote ile, hiyo ilikuwa alama ya kwanza kuiacha kwenye barua ya kazi. Na alijua litakalomgharimu: binti akiliona fundo ataponea chupuchupu, na papo hapo atajua baba yake alikuwa akifanya kazi gani posta.

Ijumaa Mkuu alipiga simu. "Hawakuja," alisema, akakata.

Jumamosi asubuhi binti alisimama kwangu, begi begani, bila hata kutazama mlango wa kwao.

"Shikamoo fundi. Naomba umpe baba hii."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako yumo ndani, si umpe mwenyewe?"

"Siwezi, fundi." Macho yalikuwa mekundu. Akaondoka haraka, na sijui alielekea wapi.

Nikamwita Mzee, akaja akikokota mguu, akakaa kwenye benchi langu. Bahasha akaichana. Yeye! Ndani hamkuwa na karatasi, ulikuwamo uzi wa kijani tu, na fundo lake, na kando yake fundo la pili. Hapo ndipo aliponieleza yote haya, polepole, kama anayetua mzigo kipande kipande.

"Na hilo la pili maana yake nini?" nikamuuliza.

"Kwamba alipata ujumbe. Yuko salama. Na kwamba ameniona."

Akalia. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, kwa wale wa miaka ya nyuma ambao hawakufungiwa fundo na mtu.

Gari likasimama mbele ya nyumba yake. Wakashuka wanaume wawili, na nyuma yao shati lile lile lililonyooshwa.

"Mkuu amefika ukurasa wa pili," Mzee akasema. Akanitia uzi kiganjani. "Uchanganye na mabaki yako."

Akajiinua kwa mikono miwili, akaenda kuwafungulia kabla hawajavunja mlango. Niliudondosha uzi miguuni pa cherehani, katikati ya vipande vya nguo za watu. Tangu siku ile sijafagia.