Magunia Sita ya Mashimoni

Mimi ndiye niliyemwambia ayahamishe. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninaposimulia habari hii watu hutaka kumlaani yule mwenye ploti, au wale wageni, au serikali, nami huwaacha walaani huku nikijua kwamba kama si mdomo wangu, magunia yale yangekuwa bado mlangoni kwa shosho, yakimlisha yeye na wajukuu wake watatu.

Nilikuwa nimeajiriwa na mradi wa kuwafundisha kina mama wa mitaa ya mabanda kulima mboga kwenye magunia na kutunza mazingira. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, na bado naishi huko. Nilipewa mafunzo ya wiki mbili, fulana ya kijani na gambuti, kisha nikatumwa Mashimoni, Kibera, kuwa mwalimu. Kila Jumanne na Alhamisi nilikwenda kwa miguu, nikipita mitaa ya wenye nazo ambako nyasi hunyweshewa maji asubuhi na jioni na hakuna ng'ombe wa kuzila. Huko hakuna aliyetumwa kufundisha mtu mazingira.

Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa wametoka Magharibi mwa Kenya. Waume zao walikuwa mafundi na vibarua, wao wenyewe wakifua nguo za watu au wakiuza mboga, omena na mandazi. Walizaliwa shambani, wakabebwa mgongoni mama zao wakipalilia. Mimi niliyezaliwa Kawangware kwenye chumba kimoja nikasimama mbele yao na karatasi ya manila yenye mishale: jani huanguka, jani huoza, jani huwa udongo. Walinitazama kwa adabu, wengine wakaandika. Mmoja aliinua mkono nikafurahi, kumbe alitaka kujua kama chai ni saa nne au saa tano.

Shosho alikuwa mkubwa kuliko wote. Tulimwita shosho kama Nairobi yote inavyomwita mwanamke wa umri ule, ingawa nyumbani wajukuu walimwita kukhu, kama kwao. Siku ya kwanza aliketi nyuma akanisikiliza mpaka mwisho, jinsi mtu anavyomsikiliza mtoto wa jirani akisoma kitabu kwa sauti. Darasa lilipokwisha akanishika kiwiko.

"Mwalimu, kuja nikuonyeshe kitu."

Mlangoni kwake, kati ya ukuta wa mabati na mtaro, palikuwa na magunia sita yamesimama wima. Yalikuwa yamejaa majani kuanzia juu hadi chini: sukuma wiki juu, mboga za kienyeji, managu na mrenda, zikichomoza ubavuni kwenye matundu aliyoyakata kwa kisu. Kila gunia lilikuwa na nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Nguzo hiyo aliisimamisha kwa kopo la mafuta lililotolewa kitako, akilijaza kokoto, akizungushia udongo, akilivuta juu kidogo kidogo. Ndilo somo nililopangiwa kufundisha wiki ya tatu.

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Kwani kuna mtu hufundishwanga kulima?" akasema, na hakuwa anatania.

Kisha akaingiza mkono ndani ya gunia, akatoa udongo, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye harufu ya mvua ya kwanza, na nyungunyungu wawili wakajinyonganyonga kati ya vidole vyangu. Mtu asiyeijua Mashimoni hataelewa maana yake. Kule hakuna udongo. Chini ya miguu kuna plastiki juu ya plastiki, takataka za watu waliohama na waliokufa, na ukichimba unakutana na mfuko mwingine. Udongo ule aliutengeneza mwenyewe kwa miaka tisa. Alikusanya maganda ya viazi kwa muuza chipsi, majivu kwa majirani, na mavi ya mbuzi aliyoyafagia kwa wafugaji kule juu. Aliviozesha ndani ya pipa, akachekecha, akaongeza. Kila msimu ulikuwa bora kuliko uliopita. Mboga zile zilikuwa chakula chao cha jioni siku sita kwa wiki, na zilizobaki aliziuza papo hapo mlangoni, na ndizo zilizowanunulia wajukuu madaftari.

Nilirudi Kongo siku ile nikiona aibu, na ingekuwa heri ningebaki na aibu hiyo.

Mwezi wa tatu wa mradi, mratibu wetu, kijana mstaarabu ambaye gambuti zake hazikuwahi kuona tope, aliniita pembeni. Wageni waliogharamia mradi walikuwa wanakuja kuona kazi.

"Madam, hatuwezi pitisha wageni kwa hizi vichochoro, mtu moja moja, mlango kwa mlango. Wataona gunia mbili hapa, tatu pale. Hiyo si kitu. Tafuta place moja, tuweke zote pamoja. Ionekane."

Nilimwambia magunia yamezoea yalipo. Akaniuliza kama napenda kazi yangu. Alisema kwa upole kabisa, hata akatabasamu.

Mahali palipatikana. Kando ya njia inayokwenda Soweto East palikuwa na jalala ambalo kila mtu alilitupia taka na hakuna aliyelidai. Kina mama walilisafisha mwezi mzima. Tulitoa nepi, viatu visivyo na wenzi, godoro, mbwa aliyeoza, na tulicheka sana, maana kazi ya namna ile isipochekewa haifanyiki. Upande wa chini palibaki bonde la majimaji ambalo hatukuweza kulijaza. Tulipomaliza, watu waliokuwa wakipita wameziba pua walianza kusimama hapo kupiga gumzo. Shule ya jirani ikaleta watoto niwafundishe jinsi taka zinavyogeuka mboji, wakapiga kelele walipoona nyungunyungu, na kwa mara ya kwanza nikajiona mwalimu kweli. Hiyo raha siikani.

Wenye magunia wote walikubali kuyaleta isipokuwa shosho.

"Gunia ikisimama haihamishwi," aliniambia. "Hii hapa naiangalia nikiwa jikoni. Huko nani ataangalia?"

"Sote, shosho. Tutapeana zamu."

"Kitu ya wote huwa ya nani?"

Nikamtolea methali. Umoja ni nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikwenda kwake mara nne, na mara ya nne nikamwambia kwamba bila magunia yake, ambayo ndiyo mazuri kuliko yote, wageni wataona kina mama hawajafanya kitu, na mradi ukifungwa wenzake watajua nani aliukataa. Naikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno. Niliitayarisha njiani, nikipita kwenye zile nyasi. Akafunga leso kiunoni, akaingia ndani kuleta debe.

Gunia lililosimama halibebeki, ndivyo alivyosema na ndivyo ilivyokuwa. Ilibidi yote yamiminwe, udongo ubebwe debe kwa debe, na kusimamishwa upya kule tulikosafisha. Tulifanya kazi siku mbili, mimi na yeye na majirani. Mizizi mingi ilikatika, na managu yakalala kama wagonjwa. Nyungunyungu shosho aliwabeba mwenyewe ndani ya beseni, amewafunika kwa kitambaa kibichi, akitembea polepole ili asiwatikise.

Wageni walikuja wakakaa dakika arobaini. Walipiga picha, nyuma yetu yakionekana maghorofa ya serikali yaliyojengwa Soweto East, na mratibu akamshika shosho bega akawaeleza kwamba mama huyu hakuwa akijua lolote kuhusu kilimo kabla ya mradi. Shosho hakuelewa Kiingereza chote, lakini alielewa cha kutosha. Alinigeukia mimi. Nikainamisha kichwa nikaziangalia gambuti zangu, nikaendelea kuziangalia mpaka walipohamia gunia lingine.

Nilichopaswa kujua, na nilikijua, maana Kongo ni hivyo hivyo, ni kwamba jalala ndilo ukuta wa maskini. Mahali pakiwa pachafu hapana mwenyewe. Pasafishe, sawazisha, ondoa harufu, utawaona wenyewe wakija na karatasi. Sisi tulisafisha tukaweka na ua wa fito, tukamwonyesha kila mpita njia ukubwa wa ploti ulivyo.

Mwenye ploti alikuja Jumapili, wiki tatu baada ya wageni. Ni mtu aliyekuwa na vyumba vya kupangisha sehemu nyingine, na alichagua Jumapili kwa sababu anajua kina mama wa Magharibi wakishaingia kanisani hawatoki kabla ya saa saba. Mimi pia nilikuwa kanisani, Kawangware. Simu ilipolia nilitoka nje, nikasikiliza, nikaanza kutembea bila hata kurudi kuchukua Biblia yangu.

Nilifika saa nane. Nguzo za vyumba vipya zilikuwa zimesimama na mabati ya upande mmoja yamepigiliwa. Kina mama walikuwa wamesimama na nguo zao za kanisani, vitambaa vyeupe kichwani, hawapigi kelele tena. Mafundi walikuwa wameyachana magunia yote wakamimina udongo ndani ya lile bonde la majimaji kusawazisha sakafu, juu yake wakaweka kifusi, wakashindilia. Nguzo za kokoto walizitenga, wakazitumia kwenye zege. Sukuma zilikuwa zimekanyagwa kila mahali. Hakuna kilichopotea, kila kitu kilipata kazi.

Mmoja wa mafundi alikuwa mpangaji wa papo hapo Mashimoni, mtu aliyenunua mboga kwa shosho miaka yote. Alikuwa anaendelea kushindilia bila kutuangalia.

"Shosho, mimi nimetumwa tu," alisema. "Nikikataa ataita mwingine."

Shosho alipita kati yao akapiga magoti na gauni lake jeupe, akaanza kuparua kifusi kwa mikono ili aufikie udongo wake. Aliufikia. Akatandika leso, akajaza, akautazama. Ulikuwa umechanganyika na saruji, vioo na misumari. Akauonja kwa ncha ya ulimi, nami sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo, akatema, akaikung'uta leso yake, akaenda nyumbani. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumatatu tulikwenda ofisini kwa chifu kulalamika. Tuliulizwa kama tuna barua ya mahali pale. Hatukuwa na barua, tulikuwa na vyeti vya mafunzo ya mradi, na mama mmoja alikitoa chake kutoka kwenye bahasha akakiweka mezani. Ofisa aliyetupokea alikisoma chote, akakirudisha kwa mikono miwili kwa heshima. Mratibu naye akaniambia mradi hauingilii mambo ya ardhi. Katika ripoti aliandika kwamba kina mama wote walihitimu, na hilo lilikuwa kweli.

Nilikasirika, lakini sikuacha kazi. Nina kodi ya nyumba na nina mtoto sekondari, na hasira haimfikishi mtu mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu ni mimi niliyepewa magunia mapya kuwapelekea waliopoteza, kila mmoja idadi yake, na karatasi ya kutia sahihi kwamba wamepokea.

Nilimkuta shosho mlangoni, ameketi pale yaliposimama magunia yake zamani. Alikuwa akikatakata sukuma alizonunua kibandani, zilizonyauka, zikiwa na majani ya njano aliyokuwa akiyachagua na kuyatupa kwenye mtaro. Hakuwa akiyatia kwenye pipa tena. Aliniandalia kigoda, kwa sababu mgeni ni mgeni.

"Nimekuletea magunia, shosho. Sita."

"Gunia niko nayo, mwalimu. Gunia si shida." Hakupandisha sauti. "Udongo ndio mlichukua."

Nilimwambia tutaanza upya, nitamsaidia kukusanya maganda, nitakwenda mwenyewe kwa wafugaji wa mbuzi. Nilisema mengi. Akaniacha nimalize, kama siku ile ya kwanza darasani.

"Mimi ni mzee," akasema. "Miaka tisa sina." Akakata mboga kidogo, kisha akauliza, "Na wewe huko kwenu Kongo, hupandangi?"

"Napanda."

"Umepanda wapi?"

Nilitamani kudanganya, lakini alikuwa ameacha kukata na ananitazama.

"Mlangoni kwangu."

"Na wageni walipokuja, hukuhamisha?"

"Sikuhamisha."

Hakushangaa, na hakukasirika, au kama alikasirika aliniwekea akiba. Aliitwaa ile karatasi, akauliza sahihi inawekwa wapi, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, taratibu. Kisha akayakunja magunia, akayafunga kwa kamba aliyoitoa ndani, akaniwekea magotini.

"Peleka hizi kwako," akasema. "Huko ziko salama."

Nikaaga, nikayabeba mpaka Kongo.