Ndiyo Nilizoijibu Diski ya Mama Tulizo

Mwanangu, kwa kuwa nawe umeanza ufundi huu, nakumbuka siku moja ya mvua pale Chimala, nikiwa fundi kijana wa kompyuta, mwenye maringo mengi kuliko ujuzi. Mama Tulizo alishuka kwenye basi la Madibira na kompyuta ya marehemu mumewe, ameifunga kwenye kitenge. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya. Sauti yake akifundisha nyimbo ilikuwa humo tu, na mashine imegoma kufungua mafaili.

“Baba, watoto wameanza kumsahau,” aliniambia.

Mwanangu, niliandika amri ya fsck, ile inayokagua mpangilio wa mafaili kwenye diski na kuurekebisha. Mashine ikanionya: diski bado inatumika, kuendelea ni hatari. Nikaendelea. Ikaanza kuuliza: nirekebishe? nifute? Sisi huku tumelelewa kuitikia. Mkubwa akiuliza, unajibu ndiyo kwanza, maelezo baadaye. Basi nami nikaiitikia skrini kama namwitikia baba mkwe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama wa watu akafurahi kuona nachapa kazi. Furaha yake ile inaniuma mpaka leo.

Mashine ilipowaka tena, folda ya nyimbo ilikuwa tupu.

Nilimpigia simu Mzee Kalinga wa Iringa, aliyenifundisha kazi. Hakufoka, na afadhali angefoka.

“Ulinakili diski kwanza?”

“Hapana, mzee.”

“Uliiondoa kwenye matumizi?”

“Hapana.”

“Kumbe hapana unaijua. Mbona mashine hukuiambia?”

Akanielekeza kwenye folda ya lost+found, ambako fsck huweka vipande visivyojulikana vilikotoka, vyenye namba badala ya majina. Kimoja tu kilitoa sauti. Mwanamume anakohoa, anasema, “Sauti ya pili, msinikimbie,” kisha kimya.

Mama Tulizo aliomba nikirudie, nikakirudia. Akafuta machozi, akaniuliza kwa upole, “Na nyimbo zenyewe, baba, ziko wapi?”

Nikaifunga kompyuta tena kwenye kitenge chake, nikamrudishia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa diski mbovu, inakili nzima kwanza, ufanyie kazi nakala. Hakikisha haitumiki ndipo uikague. Iambie fsck itazame tu bila kugusa. Soma ilichokuta, na usichokielewa usikikubalie. Mwenye mali akikusimamia kichwani, mwombe asubiri. Mungu akupe mikono isiyo na papara, akujalie kazi yenye baraka, na akuepushe na swali nililoulizwa na mama yule.