Brauza ambayo mama alikatala ifutwe

Bantu, leo nusura nikose mtihani, na simu yangu iko muzima!

Mtihani wa chuo unafanyikia mtandaoni. Nafungua ukurasa, nyeupe tupu. Naazima simu ya jirani, nyeupe vilevile.

Hapa kambini Dzaleka wote tuko na brauza moja, ile programu ya kufungulia mtandao. Fundi wetu wa simu anafutaka zingine, eti zinakula nafasi. Sasa ile moja ilijibadilisha yenyewe asubuhi, ikatuangusha wote pamoja.

Mama peke yake alikatala brauza yake ingine isifutwe, juu nyimbo za kwaya ziko mule.

"Mama, leta simu!"

"Usiniharibie nyimbo."

Ukurasa ukafunguka! Nimemaliza. Aksanti Mungu.

We uko na brauza ngapi?

Fundi, mwenzangu wa darasa, naye amefika mlangoni, jasho tupu. Mama akamupa simu:

"Andika mtihani, mwanangu. Lakini usifute kitu."